Bila Barua

Ubaldo Cassiani alikuwa na santuri elfu moja mia tatu na ushee, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Usidhani ni uzembe. Majina aliyakwangua mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa wembe na kidole gumba kilicholowa mate, mpaka lebo ya katikati ikabaki nyeupe kama yai lililomenywa. Wenye piko wote wa Cartagena, ile mitambo mikubwa ya muziki wa barabarani, walifanya hivyo. Jumapili unasimamisha piko lako barabarani, maspika yamepangwa mpaka yapite dari, na ukiwa na santuri ambayo mwenzako hana, siku hiyo mfalme ni wewe. Mwenzako akilijua jina lake, atamtuma baharia amletee, na ufalme umekwisha. Kwa hiyo unakwangua jina la wenyewe, unaipa jina lako, na watu wanaizoea hivyo hivyo.

Piko la Ubaldo liliitwa Ngurumo. La mpinzani wake, Remberto Salgado wa mtaa wa pili, liliitwa Kipanga. Walichukiana kwa raha zao miaka ishirini. Msiba ukimpata mmoja, mwenzake ndiye wa kwanza kufika na viti, lakini kwenye habari ya lebo wasingeaminiana hata na sindano.

Siku za kazi Ubaldo alitengeneza feni na blenda pale soko la Bazurto. Mkewe Deyanira, mzaliwa wa kijiji cha Palenque, aliuza kashata za nazi nje ya uwanja wa besiboli, beseni kichwani na ulimi mkali. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Nafer, na huyo mtoto ndiye aliyekuwa roho ya Ubaldo, hata kama kuna siku hakuonyesha.

Nafer alijifunzia kusoma juu ya santuri. Kila santuri mpya ilipoingia ndani, Ubaldo alimpakata mtoto, akaisoma lebo mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara ya pili kwa ajili ya mtoto, akiizungusha polepole ili kidole kifuate maandishi. Kisha akaandika jina kwenye daftari lake la siri, ndipo akashika wembe. Nafer alipopelekwa shule alikuwa anajua kusoma tayari, ila alisoma huku anazungusha kichwa. Mwalimu alidhani mtoto ana shida ya shingo.

Alasiri baba na mwana walitoka uchochoroni na mpini wa ufagio na mfuko wa vizibo vya soda. Baba anapiga, mwana anarusha. Kizibo ukikijulia kinakata kona hewani kama kimeitwa na mtu, na Nafer alikijulia kupita kiasi. Alipokabidhiwa mpira wa kweli akiwa na miaka kumi na miwili, vijana wa miaka kumi na sita walianza kumkwepa.

"Huyu nimemfundisha mimi," Ubaldo aliwaambia watu sokoni, bisibisi mkononi. "Kwa vizibo! Hakuna kocha hapa. Vizibo na mpini wa ufagio."

"Na muziki?" watu walimchokoza.

"Na muziki pia. Mnadhani anarusha kwa nini? Anarusha kwa mdundo, nyie hamsikii tu."

Basi sikilizeni lililotokea.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka themanini na sita, mambo mawili yaliangukia siku moja. Saa tisa alasiri Nafer, miaka kumi na minane, angerusha fainali ya vijana, na mtu wa timu za Marekani angekuwepo na kile kidude chake cha kupimia kasi. Usiku, kwenye uwanja wa mafahali, tamasha. Na kwenye tamasha hilo angepiga Mwafrika mmoja ambaye Ubaldo alikuwa na santuri yake miaka sita, akaicheza mpaka akamjua kwa vidole kama unavyomjua jirani kwa kikohozi.

Vitu hivyo havikugongana, mechi ni mchana na tamasha ni usiku. Lakini Ubaldo alikuwa amemtengenezea feni mlinzi wa uwanja wa mafahali, na mlinzi akamnong'oneza kwamba saa saba wanamuziki wanakuja kujaribu vyombo.

"Dakika tano tu," Ubaldo alimwambia mwanawe asubuhi ile, akiwa ameshavaa kofia yake nyekundu. "Namtupia jicho, nakuja. Utaniona nyuma ya wavu, mstari wa pili. Ukipanda kwenye kichuguu chako cha kurushia, wewe itafute kofia hii."

"Baba, usichelewe."

"Nichelewe? Mimi? Siku kama ya leo?"

Alichelewa. Mwafrika yule alikaa juu ya kiboksi, akaanza kutekenya gitaa taratibu, na viti elfu vikiwa vitupu, msikilizaji alikuwa mmoja tu. Ubaldo aliketi. Akavua kofia. Mwafrika akaipiga ile ile ya miaka sita, tangu mwanzo, na Ubaldo akalia hadharani kama mtoto aliyenyang'anywa maziwa. Saa hakuitazama. Walipomaliza wakaanza nyingine, na nyingine. Sisi tunaompenda tulimtetea sana baadaye, lakini ukweli ni ukweli, mtu mzima alisahau.

Alipofika uwanjani anahema, vijana wa kazi walikuwa wanasawazisha udongo. Deyanira alikuwa amekaa kwenye ngazi, beseni tupu miguuni.

"Ameshinda," alisema. "Raundi tisa zote karusha peke yake. Mzungu ameandika jina lake mara tatu."

"Mungu wangu! Na yeye yuko wapi?"

"Kila raundi, Ubaldo. Kila raundi alipopanda pale alitazama mstari wa pili kwanza. Mpaka mimi nikahamia pale nikavaa kanga nyekundu ya kuwekea beseni, nikidhani nitamdanganya."

Nafer alitokea, viatu vimening'inia shingoni. Hakuwa amenuna. Afadhali angenuna.

"Mwanangu," Ubaldo alianza, "yule mtu, yule wa santuri ile, ameipiga mbele yangu, mimi peke yangu uwanja mzima, nikasema..."

"Nimefurahi kwa ajili yako, bwana Ubaldo," Nafer alisema. "Pole na safari. Mechi imekwisha."

Bwana Ubaldo. Tangu siku ile neno baba halikumtoka mdomoni. Adabu alikuwa nayo yote, alimsogezea kiti, alimletea maji, alimbebea maspika Jumapili, lakini kila kitu kilikuwa bwana Ubaldo chakula tayari, bwana Ubaldo kuna mgeni. Ubaldo alimwomba msamaha mara ya kwanza, akamwomba mara ya pili, mara ya tatu akakasirika. Ndivyo wanaume wa Olaya, mtaa wetu, walivyo, kuomba msamaha mara tatu wanaona wametukanwa wao.

Mwezi wa kwanza wa themanini na saba Nafer akasafiri kwenda kwenye kambi ya timu huko Florida. Uwanja wa ndege alimkumbatia mama yake mpaka gari la mizigo likapiga honi. Baba yake alimpa mkono.

"Kwaheri, bwana Ubaldo. Afya njema."

Ubaldo alirudi nyumbani, akawasha Ngurumo mchana kweupe siku ya kazi, akaketi mbele ya spika masikio yakimuuma. Alitaka yamuume.

Simu ilikuwa dukani kwa mama Eneida. Jumapili ya kwanza ya mwezi Nafer alipiga, na Deyanira alikwenda na gauni la kanisani. Ubaldo alikwenda mara mbili tu.

"Siendi tena," alisema. "Nikaitwe bwana na mwanangu, duka zima linasikia? Mtu ananunua vitunguu, anasikia nimeitwa bwana? Siendi."

"Ni sauti ya mtoto wako, Ubaldo."

"Sauti ya mtoto wangu ilikuwa na neno. Akilipata aniite."

Mwaka uliofuata likatokea la daftari. Mpwa wa Remberto alikuja kuazima bisibisi, akaketi, akanywa kahawa, akasifu feni, na baada ya wiki sita Kipanga likapiga santuri tatu ambazo dunia nzima ilijua ni za Ngurumo. Ubaldo nusura apate kiharusi. Akalichukua daftari la siri la miaka ishirini, akalitia kwenye jiko ambalo Deyanira alichemshia sukari ya kashata, akalitazama mpaka likawa majivu.

"Kuanzia leo," alisema, "santuri ikiingia humu naikwangua macho nimefumba. Nisichokisoma hamtakitoa mdomoni mwangu hata mkininywesha pipa la ramu."

"Na ikivunjika, utaiagiza kwa jina gani?"

"Haivunjiki."

"Una wazimu," Deyanira alisema, akaendelea kukoroga sukari. Habari hiyo hakuna aliyempa Nafer. Dakika za simu zinapotea mara moja, nani azitumie kumweleza mtu wa Florida habari za daftari?

Mwezi wa tano mwaka themanini na tisa baharia mmoja aliwaletea kifurushi. Ilikuwa jezi ya besiboli ya kijivu, mikono yake imefungwa fundo, na ndani yake santuri.

Miaka mitatu Ubaldo hakupata kutoka kwa mwanawe hata njiti ya kiberiti. Fundo likamshinda, Deyanira akamfungulia. Na hapo hapo, kama aliyeitwa na shetani, sauti ya Remberto ikavuma mlangoni.

"Ubaldo! Nasikia kijana kaleta kitu! Niruhusu nione rangi ya lebo tu, ndugu yangu! Rangi tu!"

"Asiingie!" Ubaldo aliruka. "Mwambie niko uchi! Wembe uko wapi?"

"Ubaldo, ngoja kidogo..."

"Mlango, Deya, mlango!"

Alifumba macho kama alivyoapa, akaichomoa santuri kwenye jalada, akailaza gotini, akalamba kidole. Kwa mkono wa miaka ishirini kazi hiyo haichukui hata dakika.

"Angalia kwanza, Ubaldo, angalia..."

"Niangalie nini? Huyo mwizi anaingia!"

Akakwangua upande wa kwanza, akageuza, akakwangua wa pili. Vipande vya karatasi vikadondoka sakafuni, buluu na vyekundu. Remberto alipofaulu kuchungulia, santuri ilikuwa nyeupe pande zote mbili na Ubaldo anacheka meno yote nje.

"Umechelewa, kipanga mzee!"

"Siku moja utajikata hicho kidole," Remberto alisema, akaenda zake.

Hapo ndipo Ubaldo alipoanza kutafuta barua. Akaingiza mkono ndani ya jalada. Akalikung'uta. Akageuza mifuko ya jezi, na jezi za besiboli hazina mifuko. Akapapasa mshono baada ya mshono.

"Hakuna," alisema. "Hata mstari mmoja. Ameniletea santuri kama anavyomlipa mtu aliyembebea begi." Akakaa kitako. "Deya, hakuandika hata jina langu."

Deyanira alikuwa amesimama na ufagio. Alizifagia zile chenga polepole sana, akazikusanya kwenye kiganja badala ya kizoleo, akatoka nje. Ubaldo hakumtazama. Alikuwa amekwisha kuiweka kwenye mashine, na mle ndani mlikuwa na gitaa ambalo sijui nilisemeje. Lilitoka Kongo, au Kenya, au kokote kule, lebo ndiyo iliyojua. Liliingia taratibu, likazunguka, likarudi, na kila liliporudi lilikuwa limekukaribia zaidi.

Jumapili hiyo Olaya yote ilisimama. Vikongwe walicheza. Watu wa Kipanga walivuka mtaa wakaja kucheza kwa adui. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee Ubaldo, hii inaitwaje?" Ubaldo akashika maikrofoni. Moyo ulikuwa umemjaa nyongo, akasema jina la kwanza lililomjia.

"Inaitwa Bila Barua!"

Watu wakacheka, jina likashika. Kuanzia siku ile hakukuwa na Jumapili ambayo hukusikia kelele ya Bila Barua, weka Bila Barua, mzee usitutese.

Mwezi wa tisa homa ya uti wa mgongo ilimchukua Nafer kwa siku tatu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Simu ilipigwa dukani kwa mama Eneida siku isiyo Jumapili, na Deyanira alipoona mtoto wa duka anakuja mbio alianza kupiga ukunga kabla hajaambiwa.

Walimleta kwenye sanduku lililofungwa. Kina mama wa Palenque waliimba siku tisa, ngoma ya msiba ikalia, Remberto akaleta viti arobaini na kulala sakafuni pamoja na wafiwa. Ubaldo hakulia mbele ya watu. Alikaa na ile jezi ya kijivu mapajani, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia neno lile lile.

"Amekufa ananiita bwana."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Amekufa ananiita bwana. Santuri ameleta, barua hakuleta. Ningekuwa baba angeandika."

Uwanja wa besiboli hakuukanyaga tena. Redio ikitangaza mechi aliizima, sokoni wakibishana habari za warushaji alijifanya anatafuta skrubu chini. Muziki hakuuacha, na watu wabaya walisema, unaona, anapenda muziki kuliko mtoto. Hawakujua kwamba siku za kazi mchana aliiweka santuri ile sauti chini, akaketi anatazama lebo nyeupe inavyozunguka, anaitafuta sababu ya mtoto kutuma kitu kizuri namna hiyo bila kusema neno. Hakuipata. Alizeeka ghafla.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jumapili moja ya mwezi wa saba, asubuhi, Ubaldo yuko barabarani anaunganisha nyaya za Ngurumo, akatokea kijana mrefu anayechechemea. Alikuwa Libardo Pájaro, mdakaji, mtoto wa Olaya hii hii, aliyekuwa chumba kimoja na Nafer kule kambini. Goti lilikuwa limemharibikia, timu imemwacha.

"Mzee Ubaldo. Nimerudi moja kwa moja. Nimechelewa kuja kukupa pole."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Deyanira akamwona toka jikoni, akaweka mikono kichwani, kisha akafanya wanachofanya kina mama wote, akamjazia sahani ya wali wa nazi, samaki wa kukaanga na ndizi mbichi za kupondwa. Libardo alikula kwa adabu. Alieleza habari za kambi, baridi ya asubuhi, jinsi Nafer alivyowapindia mpira Wamarekani wakubwa kama milango. Ubaldo aliinama, anasikiliza. Hata tabasamu lilimpata, la kwanza kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nadaka, mzee. Nilimjua mkono wake kuliko mkono wangu." Libardo akafuta vidole. "Kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka miwili. Kama siyo langu, niambie ninyamaze."

"Uliza, mwanangu."

"Ulimjibu nini?"

Ubaldo hakuelewa. "Nimjibu nini, nani?"

"Nafer. Ile santuri aliyokuandikia."

"Hakuniandikia, mwanangu. Nilikung'uta mpaka jalada. Barua haikuwemo."

"Siyo kwenye jalada," Libardo alisema. "Kwenye lebo. Aliazima kalamu yangu nyekundu, ile niliyoandikia alama za warushaji, akaandika kwenye lebo yenyewe, kwa kuzunguka, mistari miwili. Nilimwambia, wewe, chukua karatasi kama watu. Akasema, mzee wangu karatasi haiangalii, ila lebo anaisoma mara mbili kabla hajagusa wembe. Akishaisoma ataikwangua, na itabaki siri yetu wawili."

Waya ulimtoka Ubaldo mkononi.

"Iliandikwa nini?"

"Sijui. Alificha kwa mkono, kama mtoto kwenye mtihani. Aliniambia tu kwamba amekuuliza jambo na hajui utajibu nini. Miezi minne, mzee, kila jioni tukitoka mazoezini alipita ofisini kuuliza kama kuna simu yake." Libardo alimtazama, na uso wake ukaanza kubadilika. "Hukuisoma?"

Ubaldo alikuwa amekwisha ingia ndani. Alirudi na santuri, akaiinua juani, akaigeuza huku na huku. Akaleta taa ya kazini. Akaleta miwani ya Deyanira akaivaa juu ya yake. Akasugua vumbi la penseli juu ya lebo, labda kalamu ilikandamiza, labda pamebaki mkwaruzo. Mkwaruzo ulikuwepo, tena mwingi, wote wa wembe wake. Mkono wa Ubaldo ulikuwa hodari. Aliikwangua mpaka tone la mwisho la wino.

"Nilifumba macho," alisema. "Libardo, nilifumba macho."

Kisha akasimama kama aliyechomwa, akatoka mbio kuvuka mtaa, mzee wa miaka sitini, kandambili miguuni, santuri kifuani. Remberto alikuwa mlangoni kwake ananyoa.

"Remberto, siku ile. Siku ya jezi. Ulichungulia. Uliona nini?"

"Asubuhi yote hii unanitafutia ugomvi?"

"Uliona nini kwenye lebo? Wewe una macho, wewe huwa unaiba kutoka mlangoni, umeniibia miaka ishirini! Niambie umeiba. Nakuomba, kaka. Niambie umesoma hata kidogo."

Remberto aliteremsha wembe, povu nusu ya uso. Hakuwahi kumsikia Ubaldo akimwita kaka.

"Sikuona kitu, Ubaldo. Ulikuwa mwepesi mno. Niliona nyeupe tu." Akatazama santuri, akamtazama mwenzake. "Naapa kwa marehemu mama yangu, ningekuwa nimeiba ningekurudishia."

Ubaldo alirudi akitembea katikati ya barabara. Libardo alikuwa amesimama hajui pa kuweka mikono. Deyanira alikuwa mlangoni na sahani ya samaki, mifupa juu yake, na hakuinua uso. Miaka thelathini ya ndoa si mchezo. Ubaldo alimtazama, akajua.

"Ulisema ngoja," alisema.

Deyanira akaisogeza mifupa kwa kidole.

"Ulisema ngoja, angalia kwanza. Uliyaona maandishi."

"Niliona nyekundu," Deyanira alisema. "Nilikuambia, hukunisikia. Halafu ukakaa pale unalia habari ya barua, nikasema, nikimwambia sasa hivi kwamba ameikwangua barua ya mwanawe kwa mkono wake, nitamuua. Nikasema mtoto anakuja Krismasi. Nitawaketisha wote wawili mezani, atamwambia kwa mdomo." Akaikaza sahani kwa mikono miwili. "Akaniuliza kwenye simu, mama, imefika? Nikamwambia imefika, anaipenda, anaipiga kila Jumapili. Akasema, hakusema kitu? Nikasema, anasema ahsante. Hivyo tu. Anasema ahsante. Akanyamaza mpaka hela ya simu ikaisha. Krismasi hakuiona, Ubaldo. Basi nikawa sina siku ya kukuambia."

"Umekaa nalo miaka miwili."

"Zile chenga nilijaribu kuziunganisha. Niliziweka kwenye kopo la sukari. Zilikuwa vumbi."

Ubaldo aliegemea spika. Watoto wa mtaani walikuwa wameanza kukusanyika kungoja muziki, wanarushiana vizibo.

"Hukusoma hata neno moja?"

"Wewe unajua mimi si msomaji wa haraka. Na ulikuwa unaizungusha kwa wembe." Deyanira akaiweka sahani chini, kwenye kizingiti. "Nilisoma neno la kwanza tu. Lilikuwa limeandikwa kubwa."

"Bwana Ubaldo."

"Hapana," Deyanira alisema. "Baba."

Ubaldo alitoa sauti ambayo sisi tuliokuwa pale hatupendi kuikumbuka. Alikaa chini barabarani, santuri imemkalia mapajani kama alivyokuwa akimpakata mtoto, akalia yote aliyoacha kulia siku tisa za msiba. Deyanira akaketi kando yake kwenye vumbi na gauni lake la kanisani. Hawakushikana. Walikaa tu bega kwa bega, na hakuna kati yetu aliyewasogelea.

Tulidhani hakutakuwa na muziki siku hiyo. Lakini kwenye saa kumi akainuka, akaunganisha waya uliobaki, akawasha Ngurumo. Waliotoka mbali hawakujua lililotokea. Walianza kelele zao kama Jumapili zote.

"Bila Barua! Mzee, weka Bila Barua!"

Ubaldo akashika maikrofoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Santuri ya jina hilo sina," alisema.

Watu wakacheka. "Aa, mzee, acha utani! Si hiyo hapo mkononi!"

"Hii ilikuwa na barua."

"Haya, ilisemaje?"

"Ilisema Baba," Ubaldo alisema. "Kulikuwa na swali, nalo nimelikwangua. Jibu langu ni ndiyo. Lolote aliloniuliza mwanangu, ni ndiyo."

Akashusha sindano. Gitaa likaingia taratibu, likazunguka, likarudi, na barabara nzima hakuna aliyecheza.